Papa, Sapin na Fimbo Nne

Mwaka ule wa hamsini na tatu, Kabambare ilikuwa na benchi moja tu ambayo mtu mweusi angeikalia bila kuulizwa anangoja nini. Ilikuwa nje kwa Mwanvua, muuza kahawa, ikitazamana na posta. Kila asubuhi kabla ya kengele ya kazi walikutana pale watu wale wale. Kasimu seremala waliyemwita Kasha, maana hakuna kiti wala kabati aliyoitengeneza ambayo haikuwahi kuwa kasha la mzungu. Mzee Faradji waliyemwita Bahari, kwa sababu babu yake alitoka pwani, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuona maji makubwa kuliko mto Lualaba. Raphaël katekista waliyemwita Zaburi, mwenye jibu la kila jambo. Na Zéphirin, karani wa ofisi ya serikali, waliyemwita Plume, yaani kalamu, kwa ajili ya mwandiko wake. Wabishi, Mungu awasamehe! Wangeweza kubishana kama jua limetoka huku linawachoma utosini. Lakini Jumatano ile hawakubishana kwa starehe, kwa maana Plume alikuwa na saa moja tu ya kuuokoa mgongo wake.

Mambo yalikuwa hivi, bila kupindisha maneno. Miaka miwili kabla, faili moja ilipotea ofisini. Bwana mkubwa akatafuta mtu wa kumtwika lawama, na mtu akawa karibu: Zéphirin, miaka kumi na nne ya kazi, suruali ya pasi, hajawahi kuchelewa hata siku ya mazishi ya baba yake. Siku saba gerezani, na fimbo nne chini ya bendera. Zamani zilikuwa nane. Zilipunguzwa, na watu wakaambiwa washukuru. Alilazwa kifudifudi mchangani saa ya watoto kwenda shule, na wawili kati ya watoto hao walikuwa wake. Juma lililofuata faili ikaonekana ndani ya droo ya bwana mkubwa mwenyewe. Hakuna aliyemwambia Zéphirin hata pole.

Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu duniani: karte, yaani kadi ya wastaarabu walioitwa evolue, ile ambayo sheria inasema mwenye nayo hapigwi fimbo. Wengine waliitaka ili waitwe bwana. Yeye aliitaka ili asilale tena mchangani mbele ya watoto wake. Basi akaomba, na wazungu watatu wa komisyoni wakaja hadi nyumbani kwake. Walitazama uma, wakafunua shuka, wakachungulia choo, wakamkodolea macho mkewe Émérance akila wali kwa kisu cha kuazima, jasho linamtoka kama anachimba kisima. Yote yakapita salama. Halafu mzee wao akatoa mkobani kitabu cha picha, akafungua kurasa mbili. Ukurasa mmoja ulikuwa na samaki papa, yule mwenye kichwa cha nyundo. Wa pili ulikuwa na mti wa Ulaya uitwao sapin. Akasema: linganisha.

Zéphirin hakuwahi kumwona huyo wala huo. Alijibu alivyoweza. Barua ikarudi ikisema hajui kulinganisha vitu, kwa hiyo hajastaarabika bado. Ila anaruhusiwa kutuma maelezo mengine kwa maandishi, mara moja tu, kabla ya mwisho wa mwezi. Mwezi ulikuwa unakwisha Ijumaa. Na lori la posta huenda Kasongo, kwenye komisyoni, Jumatano peke yake, kengele ya saa mbili ikilia.

— Tuambie tena uliwajibu nini, Faradji alisema, akipuliza kahawa yake.

— Niliwaambia papa inakaa ndani ya maji, sapin inakaa inchi kavu.

— Eh! Na si ndiyo kweli?

— Iko kweli, Baba Faradji. Walicheka mupaka muzee wao akavua miwani.

— Walicheka nini sasa? Kasimu aliuliza. Walitaka sapin iogelee?

— Walicheka tu, Kasimu.

Zéphirin alikuwa na karatasi safi juu ya goti, na ubao mdogo chini yake. Juu kabisa alikwisha andika: Waheshimiwa Mabwana. Tangu alfajiri hakuna neno lililofuata. Kalamu iliyowaandikia watu wote wa Kabambare barua za posa na za talaka, leo ilikuwa imekufa ganzi mkononi mwake, naye aliona haya kama mpishi aliyeunguza chakula cha wageni.

— Sikiliza, Kasimu alisema. Mutu asiseme hapa hatujui sapin. Akalipiga benchi kofi. Umeikalia! Hii ubao ilikuja kasha nzima na mashine ya pamba, na miye nilibomoa kasha kwa mikono hii. Sapin iko laini. Musumari inaingia sawa kisu ndani ya ndizi. Inanukia dawa. Na muchwa wa kwetu wanaipenda kupita kiasi.

— Andika hiyo, Raphaël alisema. Andika: sapin inaliwa na muchwa.

— Na papa? Zéphirin aliuliza.

— Papa inakula watu. Moja inakula, ingine inaliwa. Si ndiyo kulinganisha?

— Nikiandika vile, Zaburi, watapata kicheko ya mwaka muzima.

— Tena papa hazitembei peke yake, Kasimu aliongeza. Wahenga walisema: samaki mmoja akioza, wote wameoza.

— Methali ile haiingii hapo.

— Inaingia. Si ni samaki?

Faradji akaweka kikombe chini. Alipofanya hivyo, kila mtu alijua kinachokuja.

— Mambo ya papa mutuachie sisi. Babu yangu alitoka pwani...

— Babu yako anatoka pwani kila asubuhi, Bahari, Mwanvua alisema kutoka jikoni, na bado hajafika.

Walicheka. Hata Zéphirin alicheka kidogo, halafu akatazama posta. Lori lilikuwa limekwisha simama pale, na dereva alikuwa anafunga turubai bila haraka.

— Cheka, mama, cheka. Babu yangu alikula papa mukavu, aliibeba na musafara, miezi na miezi, mupaka hapa Kabambare. Alituambia wallahi papa haina mifupa.

— Samaki bila mifupa?

— Hata moja. Iko na kile kitu laini sawa cha masikio yako. Na zile papa za kichwa cha nyundo haziangui mayai. Zinazaa, sawa mwanamuke, na mutoto anatoka na meno mudomoni.

— Yesu na Maria! Raphaël alisema, akajipiga alama ya msalaba.

— Na ngozi yake inakwaruza sana. Ukiipapasa kwa kinyume, inakutoa damu. Mafundi wa pwani wanalainisha mbao nayo.

Kasimu akainua kichwa. Alikuwa mtu wa maskhara, lakini ubao ukitajwa huwa anageuka mtu mwingine.

— Wanalainisha mbao na ngozi ya samaki?

— Na siyo hiyo tu. Mafuta ya maini yake wanayapakaza mashua, chini mupaka juu, ili maji isiozeshe mbao. Inanuka, babu yangu alisema, inanuka mupaka unamusahau mama yako. Lakini mbao inadumu.

— Ngoja, Kasimu alisema. Ngoja, ngoja. Nilipopasua kasha ile, kwenye kifundo cha ubao ilitoka utomvu sawa asali. Ilinishika vidole siku tatu. Nikazibia nayo tundu ya ndoo ya mama Régina, na ile ndoo mupaka leo haivuji. Bahari! Samaki inalinda mashua, na muti inalinda mashua!

Watu wale walikuwa wamezoea kubishana, siyo kupata jibu, na jibu lilipowafikia hawakujua walikalishe wapi.

Zéphirin aliinama akaandika. Aliandika kwa Kifaransa kilichonyooka, herufi zimesimama kama askari wa gwaride: kwamba papa na sapin, ingawa mmoja ni mnyama na wa pili ni mti, wanakutana mahali pamoja, penye kazi ya mikono ya mtu, kwamba mafuta ya mmoja na utomvu wa mwingine huzuia chombo kisioze na maji yasiingie, kwamba ngozi ya mmoja hulainisha mbao ya mwingine. Tangu barua ile ije, hii ilikuwa mara ya kwanza anapumua mpaka chini ya tumbo. Alijiona amesimama, nguo safi, karte mfukoni, polisi ananyoosha mkono na kuurudisha.

— Soma, Raphaël alisema.

Akasoma, akiwatafsiria.

— Iko nzuri. Lakini umemusahau Mungu.

— Zaburi, saa inakwenda.

— Wale wazungu ni Wakristu! Bila Mungu watasema ni maneno ya mafundi. Sapin ni muti wa Noeli. Haiachi majani yake, kiangazi wala masika. Hiyo ni roho isiyokufa. Na papa, Bahari, inalala?

— Haijalala tangu izaliwe. Ikisimama inazama.

— Munaona? Hiyo ni zambi. Zambi hailali. Andika: sapin ni roho, papa ni zambi.

— Na siku ya Ijumaa ninyi munakula samaki, Faradji alisema polepole. Munakula zambi?

Raphaël akanywa kahawa yake yote kwa mara moja, ingawa ilikuwa bado moto.

— Mumekwenda mbali bure, Kasimu alisema. Maskhara yalikuwa yamemrudia. Jibu iko hapa hapa. Ile samaki iko na nini? Nyundo. Ile muti, majani yake iko nini? Misumari.

— Sindano, Zéphirin alisema.

— Sindano ni musumari yenye haijakomaa. Sasa nyundo na misumari vikikutana, ni kitu gani? Ni sanduku la maiti! Walikuwa wanakuuliza, Plume, ukikufa tukuzike ndani ya nini. Na wewe unawajibu maji na inchi kavu! Mutoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Hiyo nayo inaingia wapi?

— Acha niseme. Ao siyo sanduku. Ngoja. Kasimu akashusha sauti, akawasogelea. Zile fimbo zao wanazitengeneza na nini? Ngozi ya kiboko. Na viboko wa Lualaba si wanakwisha, bunduki imewamaliza? Kesho fimbo itatoka wapi? Bahari amesema ngozi ya papa inakwaruza mupaka damu. Na mupini itakuwa sapin, iko laini, haimuumizi polisi kiganja. Nyundo ni ya nguvu, sindano ni ya uchungu. Plume, ndugu yangu, walikuwekea fimbo yako mbele ya macho na wewe haukuiona!

Raphaël alianza kucheka. Faradji hakucheka. Zéphirin alikuwa amesimama, kahawa imemwagika juu ya kiatu chake, karatasi ameikamata kifuani.

— Komesha! Komesha mudomo yako, Kasimu! Wewe uliwahi kulala pale chini? Uliwahi kula muchanga ile, na watoto wako wanakuangalia?

Sauti yake ilivuka barabara. Dereva wa lori aligeuka kutazama, akarudi kwenye kamba zake.

— Mara tatu, Kasimu alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja umri wake.

— Mara tatu, Plume. Ya kwanza ilikuwa juu ya kazi ya barabara, ya pili juu ya barabara, ya tatu hata leo sijajua ilikuwa juu ya nini. Bahari alipigwa muzee vile, na ndevu zake. Zaburi alipigwa kabla hajaingia mission. Ulifikiri tunakaa hapa kila asubuhi juu benchi iko laini? Ni wewe tu umeanza juzi. Na karte hatukuomba, kwa sababu miye herufi sizijui, na Bahari anazijua za Kiarabu, zenye hawazihesabu.

Zéphirin aliketi. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Miaka miwili alikuwa amekaa na watu hawa, akinywa kahawa yao, akisikia maskhara yao, na akiamini kwamba msiba ule ni wake peke yake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amevaa suruali ya pasi.

— Unisamehe, fundi.

— Nikusamehe nini? Andika. Saa inakwenda.

Mwanvua alitoka na birika. Alikuwa mjane wa maneno machache kwa desturi, na kwa sababu hiyo walimwogopa.

— Ninyi wanaume mumemaliza? Sasa miye niulize. Hii samaki yenu haina mifupa sawa samaki wenzake, na inazaa sawa mutu. Wenzake wanaionaje?

— Wanaikimbia, Faradji alisema.

— Na watu? Wanaikaribisha nyumbani, juu inazaa sawa wao?

— Hapana. Wanaikata vipande, wanaianika.

— Na hii muti. Wenzake wanavaa majani, yeye anavaa sindano. Wenzake wanatoa maua, yeye hapana. Wenzake wanapukutika, yeye anabaki kijani, anajisikia. Wazungu wanaipenda kweli, siku ya Noeli. Na kisha Noeli?

Raphaël, aliyewahi kusimuliwa na padri, alijibu bila kutaka.

— Wanaichoma.

— Basi. Hawa wote wawili ni evolue, Zéphirin. Samaki evolue na muti evolue. Walikuwa wanakuuliza habari zako, ukafikiri ni picha.

Zéphirin aliitazama barua yake. Maneno ya mama yule yalimchoma kuliko maneno ya Kasimu, kwa sababu hayakuwa maskhara. Lakini alijua pia kwamba maneno kama hayo hayaandikwi kwa waheshimiwa mabwana. Akaacha jibu la mashua kama lilivyokuwa, akaweka tarehe, akaweka sahihi yenye mkia mrefu, akakunja, akatia bahasha. Ilikuwa bado kama robo saa. Alijiambia: nitakunywa kikombe hiki kimoja, halafu nitavuka barabara. Alitaka kuonja kidogo utamu wa kitu kilichokwisha.

Ndipo mtu mmoja akasimama mbele ya benchi. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini, na kofia yake ya majani alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili.

— Jambo yenu, wababa.

— Jambo, baba. Karibu, Faradji alisema, akasogea.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kasimu alisema, na mara hii hakuna aliyemrekebisha.

Mtu yule aliketi ukingoni, nusu ya mwili nje, kama anaogopa kulichafua benchi. Alisema anaitwa Octave, anatoka Wamaza, ametembea siku mbili. Anatafuta tribunal, yaani mahakama. Shamba lake la pamba lilimezwa na majani wakati mke wake alipokuwa mgonjwa wa uzazi, na mkubwa wa pamba alilipita siku hiyo hiyo, si ya kabla wala ya baadaye. Kwa hiyo ameitwa leo.

— Na mama? Mwanvua aliuliza.

— Mama amepona. Mutoto hapana.

— Pole, baba. Pole sana.

— Ahsante, mama. Ni kazi ya Mungu.

Mwanvua aliinamisha birika. Ilitoka nusu kikombe, na nusu ya hiyo ilikuwa machicha. Alimpa, na Octave aliipokea kwa mikono miwili.

— Sasa wanakufanya nini pale tribunal? Raphaël aliuliza, ingawa alijua.

— Si siku saba na fimbo nne? Wenzangu walikuja mwezi uliopita, waliniambia. Wamenifundisha namna ya kulala. Haupaswi kukaza mwili. Octave akatazama bahasha mkononi mwa Zéphirin, nyeupe, yenye herufi nzuri. Na ninyi, wababa, nimewakuta munafanya shauri. Kuna matata?

Wakamweleza. Wakamweleza wote kwa pamoja, kila mmoja akichukua neno mdomoni mwa mwenzake: karte, komisyoni, uma, kitabu, samaki asiye na mifupa, mti wenye sindano, mashua, utomvu. Octave alisikiliza kwa adabu. Samaki na mti hakuvishangaa sana. Kitu kimoja tu kilimfanya aache kunywa.

— Mutu akiwa na ile karte, hapigwi?

— Hapigwi, Zéphirin alisema. Ni sheria.

— Hata moja?

— Hata moja.

— Aaa! Octave alisema, na uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyesikia jirani yake amepata mtoto. Hongera, baba karani. Iko vizuri sana. Mungu akusaidie.

Akanywa. Akatafuna machicha kidogo, akiwaza. Walimwona anawaza, na walingoja kama mtu anavyomngoja mgeni amalize kufunga kiatu.

— Kwetu pamba iko hivi, alisema. Kijiji chetu tuliambiwa mashamba makumi tatu. Sasa mutu akitoka, akienda kuchimba madini, ao akiingia kazi ya mission, kapita, musimamizi wa pamba, hapunguzi. Makumi tatu inabaki makumi tatu. Ile shamba ya mwenye kutoka anaigawa kwa sisi tunaobaki. Mwaka huu miye nilikuwa na yangu, na nusu ya Pierre, mutoto wa ndugu yangu, alikwenda Kasongo kuwa mupishi. Hatukumukasirikia Pierre. Amepata, amepata.

— Ndiyo, Faradji alisema.

— Basi nauliza tu, baba karani, usinikasirikie, miye mutu wa pori. Hizi fimbo nne zako, wakikutoa, watazigawia nani?

Kasimu alifungua mdomo. Alitafuta methali, yoyote, hata isiyoingia, akakosa. Faradji alitazama ndani ya kikombe kitupu. Raphaël alishika rozari yake bila kuisali. Mwanvua alikung'uta machicha ya birika kando ya njia.

Zéphirin angeweza kumwambia kwamba fimbo hazigawanywi kama mashamba. Lilikuwa ni kosa la mtu wa pori, na karani yeyote angelisahihisha kwa sentensi moja. Alijiandaa kuisema. Lakini ni yeye aliyepiga tapureta, kila Jumanne mchana, orodha ya watu wa kuhukumiwa Jumatano, na kwa miaka kumi na sita orodha ile haikuwahi kutoka pungufu. Mtu mmoja akisamehewa, mwingine anatafutwa. Kila mara ilikuwa lazima ukurasa ujae, na hakuwahi kuuliza kwa nini. Jana alikuwa ameandika majina kumi na mawili. Moja lilikuwa Octave wa Wamaza, namba saba, na alipolipiga alikuwa anafikiria papa.

Ng'ambo ya barabara dereva alipiga honi. Kengele ya saa mbili ikaanza kulia.

— Baba karani, camion! Octave alisema. Camion inakuacha!

Zéphirin alibaki ameketi. Aliigeuza bahasha mkononi, na alama ya kidole chenye kahawa ikaingia pembeni.

— Leta, baba. Leta kwangu. Miye niko na miguu.

Na Octave wa Wamaza, mtu wa siku mbili njiani, akaitwaa ile bahasha kwa heshima, akaweka kofia yake juu ya benchi, akakimbia. Alikimbia katikati ya barabara akipunga mkono na kupiga kelele. Lori lilikuwa limeanza kwenda. Kutoka benchi hadi mahali alipolifikia kulikuwa na hatua kama mia, na katika hizo hatua mia mtu mwenye sauti angeweza kumwita mara kumi arudi. Zéphirin alikuwa na sauti. Nusu saa tu kabla ilikuwa imevuka barabara hii hii. Wenzake walimtazama, wakaona mdomo wake umefungwa, nao wakageuza nyuso zao wamtazame mkimbiaji. Dereva alipunguza mwendo, akatoa mkono dirishani, akaipokea barua.

Octave alirudi anatweta, anacheka.

— Ameipokea, baba karani. Imekwenda. Itafika!

— Ahsante, Zéphirin alisema.

— Si kitu, si kitu. Akachukua kofia yake, akaikung'uta. Na ile tribunal, wanafungua saa ngapi?

Benchi zima lilimgeukia Zéphirin, kwa kuwa ni mmoja tu pale aliyefanya kazi ya kulijua hilo.

— Saa mbili na nusu, Zéphirin alisema. Usichelewe.